Kufufua Gari Kuukuu: Somo la Kutu, Kipimo na Ushirika wa Watu Wawili

UTANGULIZI

Katika miji na vijiji vyetu aghalabu huonekana gari kuukuu lililoegeshwa chini ya mti au nyuma ya karakana kwa miaka mingi. Wapita njia huliona kuwa takataka. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa sayansi gari la namna hiyo ni maabara kamili. Ndani yake mna kemia ya kutu, fizikia ya joto na ya kanieneo, hisabati ya ujazo, na hata historia ya viwanda.

Kufufua gari, kama tutakavyolitumia neno hilo hapa, ni kulirudisha katika hali ya kufanya kazi yake kwa usalama, huku sehemu zake za asili zikihifadhiwa kadiri iwezekanavyo. Kulipaka rangi mpya ni hatua ya mwisho kabisa, na pengine ndiyo yenye umuhimu mdogo kuliko zote. Kabla ya kushika spana ni lazima kwanza tujue gari liko katika hali gani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ukweli huo hupatikana kwa uhakika zaidi pale watu wawili wanapokichunguza kitu kimoja kwa njia mbili tofauti.

Mfano tutakaoutumia ni Land Rover ya petroli ya mwaka 1965, ambayo mimi na rafiki yangu tuliinunua kwa ubia. Rafiki yangu ni fundi wa magari wa siku nyingi. Mimi kazi yangu ni kufundisha. Yeye alitaka gari la kubebea mahindi kutoka shambani kwake hadi sokoni. Mimi nilitaka injini ambayo wanafunzi wangeweza kuifungua na kuifahamu. Gari lilikuwa limekaa karibu na bahari kwa miaka mingi, na jambo hilo, kama tutakavyoona, lilikuwa na uzito wake.

GARI LENYEWE

Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, tarehe 30 Aprili, 1948. Iliundwa na kampuni ya Rover ya Uingereza chini ya uongozi wa mhandisi Maurice Wilks, ambaye alikuwa amelitumia gari la kijeshi aina ya Jeep katika shamba lake na kuona jinsi lilivyofaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili feleji, yaani chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo, ilikuwa ikigawiwa kwa kipimo nchini Uingereza, ilhali alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini na magnesiamu. Chasisi, ambayo ni uti wa mgongo wa gari, ilibaki kuwa ya feleji.

Magari ya ukoo huo yaliendelea kutengenezwa katika kiwanda cha Solihull hadi tarehe 29 Januari, 2016. Katika Afrika ya Mashariki yalitumiwa na mabwana shamba, polisi, waganga na askari wa hifadhi za wanyama, na mengi yangali yakitembea. Mnamo Oktoba 2024 mamia yake yalikusanyika mjini Arusha katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya magari hayo.

Watu wengi husema kwamba Land Rover haishiki kutu kwa kuwa ni ya alumini. Usemi huo una nusu ya ukweli, na nusu ya pili ndiyo iliyo hatari.

KUTU NI NINI?

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na oksijeni kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, kutu haitokei. Tendo lenyewe ni la umeme. Mahali fulani juu ya chuma, atomu hupoteza elektroni na kuwa ioni:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma hadi mahali pengine, ambapo oksijeni na maji huzipokea:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Ioni za chuma na za haidroksidi hukutana, huongezewa oksijeni zaidi, na mwishowe hufanya ule unga wa kahawia tuujuao. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua, na ndiyo sababu gari la pwani huliwa upesi kuliko gari la bara kavu.

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Kwa hiyo kutu iliyozaliwa kati ya nati na bolti huzikaza kama kabari, na iliyozaliwa kati ya mabamba mawili huyasukuma yakavimba. Ukiona rangi imefura, ujue kwamba kazi imekwisha kufanyika chini yake kwa muda mrefu.

METALI MBILI ZIKUTANAPO

Metali hutofautiana katika wepesi wa kupoteza elektroni. Katika majedwali ya kemia hupewa vipimo vya volti: alumini −1.66, zinki −0.76, chuma −0.44, shaba +0.34. Metali yenye kipimo kilicho chini zaidi hupoteza elektroni kwa urahisi zaidi. Zikiguswana metali mbili penye maji ya chumvi, hufanya betri ndogo: moja huliwa na nyingine hulindwa.

Alumini ikiwa peke yake hujikinga, kwa sababu hewa huifunika mara moja kwa utando mwembamba na mgumu wa oksaidi. Lakini pale bamba la alumini lilipofungwa kwa bolti ya feleji, na chumvi ikaingia katikati, utando ule huvunjika. Hapo alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Katika gari letu unga huo ulikuwa umezunguka karibu kila bolti ya milango na ya sakafu.

Tiba yake ni kutenganisha. Weka mpira, rangi au grisi nzito baina ya metali hizo, ili elektroni zisipate njia wala maji yasipate makao. Zinki nayo hutumika kwa njia iliyo kinyume: hupakwa juu ya feleji kwa makusudi ili iliwe kwanza, na feleji isalimike. Bati la kuezekea nyumba hulindwa vivyo hivyo.

SIKIO NA KIPIMO

Chasisi ya Land Rover ya miaka ile ilitengenezwa kwa mabamba manne marefu yaliyochomelewa kingoni yakawa bomba la pembe nne. Kwa nje hupakwa rangi na kuonekana. Kwa ndani hakuna aonaye. Matope huziba matundu ya kutolea maji, unyevu hukaa humo, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Siku tundu linapoonekana, ukuta wote wa jirani umekwisha kuwa kama karatasi.

Rafiki yangu alichukua nyundo ndogo akaigonga chasisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali inayodumu kitambo. Chuma kilicholiwa hutoa sauti fupi na nzito, kwa kuwa matabaka ya kutu humeza mtikisiko. Alipofika nyuma ya magurudumu ya nyuma alisimama, akasema, "Mwalimu, hapa pamekufa."

Nilimwomba turudie, safari hii kwa kipimo. Tulitoboa matundu madogo matano mahali alipopachagua yeye, tukapima unene wa ukuta. Unene wa asili ni karibu milimeta 2. Tulipata haya:

Mbele, chini ya injini: milimeta 1.9
Chini ya dereva: milimeta 1.8
Katikati: milimeta 1.9
Mbele ya ekseli ya nyuma: milimeta 1.1
Nyuma ya ekseli ya nyuma: milimeta 0.7

Sikio lilionyesha mahali. Kipimo kilionyesha kiasi. Kwa bomba lenye kuta nyembamba, uwezo wa kuhimili mzigo unaolipinda hupungua takriban kwa kadiri ile ile ya unene. Kuta zote zikiwa na milimeta 0.7 badala ya 2, uwezo uliobaki ni kama theluthi moja. Na hapo ndipo mzigo wa nyuma hukaa. Magunia 6 ya mahindi ya kilo 100 kila moja ni kilo 600, wala hatujahesabu watu wanaopanda juu yake siku ya soko. Gurudumu likianguka shimoni, nguvu ile huongezeka mara kadhaa kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Mchomeleaji mmoja alitushauri tulifunike eneo lile kwa bamba jipya, tulisawazishe kwa pati, tupake rangi nyeusi. Kazi ingekwisha kwa siku mbili. Mavuno yalikuwa karibu, na rafiki yangu alikuwa na haja kubwa ya gari. Tulikaa tukazitazama zile namba tano. Bamba jipya lingeshikamana na nini? Chuma cha milimeta 0.7 huyeyuka na kutoboka kabla ya kushika. Isitoshe, unyevu ungefungiwa ndani na kutu ingeendelea gizani, sasa ikiwa imefichwa hata isisikike kwa nyundo. Atakayelinunua gari lile baadaye asingekuwa na njia ya kujua.

Rafiki yangu ndiye aliyekata shauri. Alichukua msumeno akaikata sehemu yote ya nyuma ya chasisi hadi alipofika kwenye chuma king'aacho. Mahindi ya mwaka ule yalibebwa na lori la kukodi. Sehemu mpya, ya feleji yenye unene kamili, ilichomelewa baada ya miezi saba, fedha zilipopatikana.

Hapa nawatahadharisha wanafunzi. Kabla ya kuchomelea gari lolote, tangi la petroli huondolewa na kupelekwa mbali, na betri hufunguliwa. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa ndio unaolipuka.

NATI ILIYOGANDA

Nati iliyoshikwa na kutu haishindwi kwa nguvu za mikono. Aongezaye bomba refu kwenye spana huikata bolti. Fizikia inatupa njia bora: feleji hutanuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila digrii moja ya selsiasi. Nati yenye tundu la milimeta 12, ikipashwa moto kwa digrii 200 zaidi ya bolti, tundu lake hupanuka hivi:

12 × 0.000012 × 200 = milimeta 0.029

Upana huo ni mdogo kuliko unywele wa binadamu, lakini unatosha kuvunja vunja tabaka la kutu na kuruhusu mafuta mepesi yapenye. Pasha, acha ipoe, tia mafuta, ngoja hadi kesho, kisha rudia. Subira ni sehemu ya vifaa. Moto usitumiwe karibu na petroli, mafuta wala mpira.

Yafaa pia kujua kwamba magari ya Kiingereza ya miaka ile hutumia vipimo vya inchi. Kichwa cha bolti cha nusu inchi kina upana wa milimeta 12.7. Spana ya milimeta 13 huingia, ila huacha nafasi ya milimeta 0.3, na nafasi hiyo ndiyo inayoviringisha pembe za kichwa. Bolti nyingi zimeharibiwa kwa tofauti hiyo ndogo kuliko kwa kutu.

INJINI INATUAMBIA NINI?

Injini ya gari hili ina silinda 4. Kipenyo cha kila silinda ni milimeta 90.47, na mwendo wa pistoni ni milimeta 88.9. Ujazo wa silinda moja ni:

π/4 × 9.047² × 8.89 = sentimeta za ujazo 571.5

Kwa silinda zote nne tunapata 2,286, ambao ndio ujazo uliotangazwa na kiwanda. Mwanafunzi aliyejipimia mwenyewe na kufikia namba hiyo hataisahau kanuni ya ujazo wa mcheduara.

Ili kujua afya ya injini bila kuifungua, hung'olewa plagi zote na kupimwa kanieneo ya kila silinda wakati injini inazungushwa na stata. Sisi tulipata, kwa kilo katika sentimeta ya mraba, 9.0, 9.1, 5.2 na 8.8. Silinda ya tatu ilikuwa ikivuja. Lakini inavuja wapi? Tulimimina kijiko cha oili ndani yake tukapima tena. Laiti kanieneo ingepanda sana, tungejua kwamba ringi za pistoni zimelika, kwani oili huziba mwanya wake kwa muda. Ilibaki 5.3. Kwa hiyo kasoro ilikuwa juu: katika valvu au katika gasketi ya kichwa cha injini. Tulipokifungua kichwa, tuliikuta valvu ya moshi imeungua ukingo. Hiyo ndiyo hoja ya kisayansi: swali lililopangwa vizuri hupunguza kazi ya spana.

Valvu hizo zina historia. Zamani petroli ilitiwa risasi, na pamoja na kuzuia mlio wa kugonga, risasi ilifunika viti vya valvu na kuvilinda visilike. Kwa kuwa risasi hudhuru ubongo wa watoto, petroli ya namna hiyo iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari ilikuwa Aljeria, mwaka 2021. Mwenye injini ya zamani ambayo viti vyake ni laini huweza kutiliwa viti vigumu na karakana ya uchongaji. Tusiitamani risasi irudi.

BREKI

Breki za gari hili hufuata kanuni ya Pascal: kanieneo inayotiwa katika kimiminiko kilichofungwa huenea sawasawa kila upande. Mguu mmoja hufikisha nguvu kwenye magurudumu manne. Lakini katika magari mengi ya miaka ile mfumo wote ulikuwa mmoja, bila mgawanyo wa mbele na nyuma. Bomba moja likitoboka, magurudumu yote manne hukosa breki. Kwa hiyo mabomba ya chuma na ya mpira hubadilishwa yote, hata yale yanayoonekana mazima.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki kabla ya nyuzi 230 za selsiasi. Yakiisha kunyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho chaweza kushuka hadi 155. Yakichemka mlimani hutoa mvuke, na mvuke hubonyea: mguu huzama na gari haliishiki njia.

Viatu vya breki vya zamani mara nyingi vina asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Vumbi la breki lisipulizwe wala lisifagiliwe. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, kitambaa kifungwe katika mfuko na kutupwa.

USHIRIKA

Kazi ya namna hii huvunja urafiki kama haikupangwa. Sisi tuliweka daftari moja. Upande wa kushoto tuliandika kila senti na jina la aliyeitoa. Upande wa kulia tuliandika kila kipimo, tarehe, na nani aliyekipima. Sehemu ya usalama, kama vile breki, usukani na chasisi, haikufungwa mpaka mmoja amefanya na wa pili amekagua. Tulipobishana, hatukuuliza nani ana elimu zaidi. Tuliuliza ni kipimo gani kitakachoamua, kisha tukakifanya.

Faida niliyoipata hapo siwezi kuipata maktabani. Fundi amehifadhi masikioni na viganjani mwake maarifa ya maelfu ya magari, ila hayajaandikwa. Mwalimu ana kanuni zilizoandikwa, ila hazijagusa chuma. Shule iliyo jirani na karakana, na isiyomwalika fundi wa hapo darasani hata mara moja kwa mwaka, inapoteza mwalimu asiyelipwa.

MAZOEZI

1. Kuondoa kutu kwa umeme. Mwalimu awepo, na kazi ifanyike nje, mbali na moto. Tia maji katika ndoo ya plastiki, pamoja na kijiko kimoja cha mezani cha sodiamu kaboneti ya maabara kwa kila lita 4. Magadi ya sokoni yasitumike, kwa kuwa huwa yamechanganyika na chumvi. Tundika nati yenye kutu na uiunge na ncha hasi ya betri ya volti 12. Ncha chanya iunge na kipande cha chuma cha kawaida, kamwe kisiwe chuma kisichoshika kutu, kwani hicho hutoa sumu ya kromiamu. Weka balbu ya taa ya gari katika njia ya umeme ili kupunguza mkondo. Vipande viwili visigusane. Baada ya saa chache, fungua waya kwenye betri, itoe nati na uisugue. Eleza kwa nini kipande cha alumini kisitiwe katika ndoo hii.

2. Mkondo wa ampea 1 ukipita kwa saa 1 katika zoezi hilo, onyesha kwamba haidrojeni itakayotoka ni karibu lita 0.45 katika joto la kawaida la chumba. Kwa nini tumesisitiza kazi ifanyike nje?

3. Dereva anakanyaga breki kwa nguvu ya nyutoni 200. Wenzo wa pedali huizidisha mara 5. Eneo la pistoni kuu ni sentimeta 5 za mraba, na la pistoni ya gurudumu ni sentimeta 7 za mraba. Tafuta kanieneo ndani ya bomba na nguvu inayosukuma kiatu cha breki.

4. Katika injini iliyoelezwa, uwiano wa mgandamizo ni 7 kwa 1. Tafuta ujazo wa nafasi inayobaki juu ya pistoni inapokuwa kileleni.

5. Tembelea karakana iliyo karibu nawe ukiwa na mwenzako. Mwombe fundi awaonyeshe kasoro moja aitambuayo kwa sikio au kwa kidole. Kisha ninyi wawili bunini njia ya kuipima kasoro hiyo kwa namba, mkamwonyeshe fundi matokeo yenu.